Kikombe cha Mama Mkwe na Kompyuta ya Baiskeli

Mimi nimeuza barafu kwa baiskeli katika kisiwa cha Pate miaka ishirini na tatu. Kijana anayetaka kucheka, acheke sasa amalize, maana mbele kuna mambo ya kitaalamu.

Nyinyi mnaofanya mazoezi ya baiskeli kule Mokowe na Hindi, na kaptula zenu za kubana zinazowafanya wazee wageuze nyuso, mliniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu kupima mwendo katika safari ndefu. Mmesikia kwamba mimi ndimi wa kwanza kisiwani kufunga kompyuta kwenye baiskeli. Ni kweli. Ndimi wa kwanza pia kuanguka kwa sababu yake, na wa kwanza kushindwa mbio na nafsi yangu. Nitawaeleza yote, ila msitarajie mpangilio. Kumbukumbu zangu hazipangi foleni.

Nyumbani kwangu ni mtaa wa Mkomani, Amu, yaani Lamu mjini. Mke wangu Zuhura alitengeneza barafu za ukwaju, za embe na za maziwa yenye hiliki. Zamani tulizitia katika mifuko myembamba ya plastiki. Mifuko ilipopigwa marufuku tukahamia vikombe vidogo vyenye vifuniko. Kila asubuhi nilipanga vikombe mia na hamsini ndani ya kasha la kuhifadhi baridi, nikalifunika kwa magunia, tukapanda boti ya abiria mimi, kasha na baiskeli mpaka Mtangawanda. Hapo ndipo kazi ilipoanza: mji wa Pate, Siyu, Faza, kisha kurudi. Zilikuwa zaidi ya kilomita arubaini za mchanga, mawe na mbuzi wasiotambua haki ya mwenye njia. Siku hizi kila mji una friza zake na mimi magoti yameomba ruhusa, kwa hiyo kazi hiyo imekwisha. Msiitafute.

Mwenzangu aliyebeba mikate akichelewa, alikuwa amechelewa tu. Mimi nikichelewa, mzigo wangu ulibadilika jina. Niliondoka na barafu nikafika na juisi, na mtoto wa shule aliyengoja kulamba hakubali kunywa. Ndiyo maana nawaambia kwamba hakuna mwendesha baiskeli aliyejifunza kupima mwendo kwa uchungu kama muuza barafu.

Aliyenirithisha kazi ni Mzee Kupi, na wakati wake hakukuwa na kompyuta. Yeye alipima mwendo kwa sikio. Barafu ngumu ikirushwa na mashimo ya njia hugonga kikombe: ko, ko, ko. Ikishayeyuka hulia cho, cho, cho. Ukisikia ko, ko, nenda taratibu ulinde nguvu zako. Sauti zikianza kuchanganyika, kaza miguu. Ukisikia cho, cho peke yake, tafuta maneno ya kuomba radhi. Ulikuwa ushauri mzuri, ingawa Mzee Kupi mwenyewe alikuwa kiziwi wa sikio la kulia, na kasha lake alilining'iniza upande huohuo. Nadhani ndiyo sababu aliniachia kazi mapema.

Sasa niwatajie jambo lililokuwa likinila moyo, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini mtu mzima alihangaika na mashine. Mamake Zuhura, Bi Esha, aliishi Siyu. Nilipomposa bintiye, maneno yalinifikia kwamba aliuliza: huyu anayeuza maji yaliyoganda, siku yakiyeyuka mwanangu atakula nini? Tulioana, alhamdulillahi, lakini swali lile lilinikaa kooni. Nikaapa moyoni kwamba kila Alhamisi nitampelekea kikombe chake cha maziwa na hiliki, kigumu kama kilivyotoka kwenye friza, ajue kwamba bintiye hakuolewa na mzembe.

Miaka ikapita na sikufaulu hata Alhamisi moja.

Mtauliza, si ungempitia unapokwenda Faza, na Siyu iko njiani? Anayeuliza hivyo hajaoa kwetu. Mkwe hapitiwi kama duka. Mkwe huendewa mwisho, kazi zote zikiisha, umeoga na umevaa kanzu, ajue umekuja kwa ajili yake na hukusimama kuomba maji ya kunywa. Na ukifika huingii. Unasimama mlangoni, unainamisha uso, unatoa salamu ukitazama vidole vya miguu yako. Haya ya mkwe ni nusu ya adabu yetu. Mimi nilikuwa nimeoa miaka yote hiyo, na kama ningeulizwa mama mkwe wangu ana sura gani, ningeweza kueleza ndara zake tu.

Basi kila Alhamisi nilimaliza Faza, nikarudi Siyu, nikaoga kisimani, nikavaa kanzu nyuma ya ukuta wa ngome, nikaenda kupiga hodi. Mkono ulitoka mlangoni, ukapokea kikombe, ukakitikisa karibu na sikio. Cho, cho, cho. Bi Esha akasema, haya mwanangu, Mola akuweke, na mlango ukafungwa. Ule mtikiso ndio ulionimaliza. Niliona kila wiki napewa mtihani, na kila wiki naanguka. Zuhura sikumwambia, maana mwanamume hamshtakii mkewe mama aliyemzaa.

Kompyuta niliipata kwa shemeji yangu Shee, nduguye Zuhura, anayefanya kazi katika nyumba ya wageni kule Shela. Mgeni mmoja mpenda baiskeli alikuwa amenunua mpya, akampa Shee ile ya zamani. Shee hana baiskeli. Ana tumbo. Akaniletea mimi.

"Twaa, shemeji," aliniambia. "Kitakwambia kasi yako, usije ukadhani wenda kumbe umesimama."

Kilikuwa kidude cha ukubwa wa kiberiti, cha kufunga kwenye usukani. Kinaonyesha kasi ya sasa, wastani wa kasi tangu uanze, umbali, muda wa kuendesha na muda wa kusimama. Kilikuja na mshipi wa kufunga kifuani ili kihesabu na mapigo ya moyo. Nilikiita Kadhi, kwa sababu kilihukumu bila kusikiliza upande wa pili.

Siku ya kwanza nilimwangalia Kadhi kama bwana harusi anavyomwangalia mkewe, na njia ya Siyu ina kona moja isiyopenda mapenzi. Nilikwenda moja kwa moja ndani ya shamba la tumbaku. Mwenye shamba alinikuta nimelala juu ya miche yake, bado natazama kioo. Aliniuliza nasoma nini. Nikamwambia, kasi. Akauliza ni ngapi. Nikamwambia, sufuri. Akasema hata yeye aliona hivyo, tena bila kifaa. Ilinibidi nimpandie miche upya mistari miwili, naye amekaa kivulini akinihesabia mwendo.

Tangu siku hiyo nilijiwekea sharti, nanyi liwekeni. Kioo hutazamwa unapokunywa maji, basi. Ukinywa, tazama; ukimeza, rudisha macho njiani. Hivyo utakunywa maji ya kutosha na utabaki na meno yako.

Kosa la pili ni la watu wa visiwani, nyinyi wa bara hamwezi kulifanya hata mkijitahidi. Asubuhi moja nilimwasha Kadhi nikiwa bado Amu, apate setilaiti mapema, kisha nikasahau kumzima. Baiskeli ikapakiwa kwenye boti. Siku hiyo boti ilikuwa na injini mpya na nahodha aliyetaka kila mtu ajue. Kadhi akaiandika safari yote ya baharini kwamba nimeendesha mimi. Nilipofika Mtangawanda, nimekaa juu ya gunia la vitunguu nakula mahamri, yeye alikuwa ameniandikia kasi ya bingwa wa dunia na mapigo ya moyo ya mtu aliyesinzia.

Lingekuwa jambo la kucheka likaisha, lakini kifaa kile kina mchezo wake. Huchukua safari yako bora ya nyuma na kukuwekea kama mpinzani, alama ndogo kwenye kioo, mkimbizane. Kesho yake nilipoanza tu kukanyaga, Kadhi akanionyesha kwamba mpinzani wangu yuko mbele kilomita tatu. Nikaongeza. Akawa mbele kilomita sita. Nikasimama juu ya pedali, kofia ikaniruka, nikapita Pate bila salamu, watu wakadhani nimepata habari ya msiba. Kilomita tisa. Nilijiambia, Lali, jana uliweza, leo una nini? Nikaona nyota mchana kweupe. Nikashuka, nikajitupa kwenye kivuli cha ukuta, nikangoja moyo urudi mahali pake, na kasha likangoja juani.

Siku hiyo hata ko moja haikubaki. Kwenye shule ya Siyu mtoto mmoja wa darasa la pili alinipa pole kama watu wazima wanavyopeana.

Aliyegundua siri ni Mwalimu Mutua, kijana wa kutoka Machakos aliyekuwa akifundisha hesabu hapo Siyu. Kwao aliwahi kushindana baiskeli, na kwangu alikuwa mteja wa barafu mbili za embe kila siku, moja ya kula na nyingine ya kuweka shingoni kwa sababu ya joto letu. Alimchukua Kadhi, akabonyeza bonyeza, akafungua ramani ya ile safari yangu bora, akaitazama muda mrefu.

"Mzee Lali," akasema, "huyu mtu unamfukuza alipitia katikati ya bahari."

Nikamwambia haiwezekani, mimi sijui kuendesha baiskeli majini.

"Ndiyo maana hujamshika," akasema.

Aliifuta safari ile na kunieleza kitu ambacho mpaka leo ndicho msingi wa yote ninayoyajua. Alisema niache kukimbiza kasi, nishike moyo. Kasi hudanganya: mchangani hushuka hata kwa bingwa, upepo wa uso huila, na mtu akitaka kuilazimisha ibaki palepale anajimaliza bure. Lakini moyo ukiutuliza kwenye mapigo mia na thelathini, basi ni mia na thelathini, iwe mchanga, iwe mawe, iwe mteremko. Mwendo utajipanga wenyewe. Saa ya kwanza iwe ya upole mpaka uone aibu. Wakikupita akina mama waliobeba ndoo, uko sawasawa. Wakikupita mara ya pili, ongeza kidogo. Nguvu unayoiweka asubuhi utaikuta jioni, na unayoitapanya asubuhi hutaiona tena.

Pia alinifundisha kupunguza upepo magurudumuni kabla ya kuingia mchangani, maana gurudumu laini hutambaa na gumu huzama. Nami nilimfundisha kula kaimati bila kujichafua tai. Tukawa tumelipana.

Ule mshipi wa kifuani ulinifedhehesha lakini. Mwalimu aliutegea kengele: mapigo yakizidi mia na hamsini, Kadhi analia pii, pii, kunionya nipunguze. Alhamisi ya kwanza nimesimama mlangoni kwa Bi Esha, nimeoga, nimevaa kanzu, mshipi bado ninao ndani na Kadhi yumo mfukoni. Sitembei, sibebi kitu ila kikombe. Mkono ukatoka. Kikombe kikatikiswa. Kadhi akaanza kupiga kelele.

"Ni simu hiyo yalia?" Bi Esha akauliza.

Nikasema, naam, mama.

"Basi ipokee."

Nilimtoa Kadhi mfukoni nikamweka sikioni. Nikamwambia niko kwa mkwe, nitakupigia. Akaendelea kulia. Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba nimesema nitakupigia. Kisha nikaondoka kinyumenyume mpaka nilipofika pembeni mwa nyumba, nikaketi chini. Kioo kilisema mia na sitini na mbili. Mimi katika mwinuko mkali kabisa, na mzigo mzima, sikuwahi kuvuka mia na arubaini na tano. Mjue basi ni nani aliyekuwa mwinuko wangu.

Nilishika moyo, kama nilivyofundishwa, wiki mbili. Sikuchoka tena. Nilifika Faza nikiwa na hamu ya kufika mbele zaidi. Lakini kikombe cha Bi Esha bado kililia cho, cho, na sikuelewa kwa nini. Mwalimu akamfungua Kadhi tena, akakuna kichwa. Akasema naendesha vizuri sana, masaa matatu hivi. Tatizo ni kwamba nasimama masaa matatu na nusu. Akaniuliza ninafanya nini muda wote huo. Nikamwambia, nasalimia.

Mwalimu ni mtu wa bara. Kwao watu hupeana habari, nzuri, wakaachana wakiwa marafiki. Kwetu mtu anakuuliza u hali gani, na watoto, na mama yao, na yule mtoto aliye Mombasa, na jino lile, na paa lililovuja, na mbuzi aliyevunjika mguu amepona? Ukishajibu, ni zamu yako kuuliza, na yeye ana mbuzi wengi zaidi. Nilikuwa nikililaumu jua bure. Sikuwa mzito wa miguu. Nilikuwa mwepesi wa mdomo.

Basi nikakata. Jumamosi na Jumapili nilisema salamu aleikum, nikauza, nikaondoka. Wastani ukapanda nikafurahi. Kufika Jumatatu habari imeenea kisiwa kizima kwamba Lali amepata mashine imemtia kiburi, hata hali za watu haulizi. Jumanne sikuuza kikombe hata kimoja Pate. Mwanamke mmoja aliniambia kupitia dirishani kwamba barafu yangu ni ya watu wenye haraka, na yeye hana haraka. Nilirudi Amu na kasha zima. Zuhura alilifungua, akalifunga, akaniambia niwaombe radhi watu nyumba kwa nyumba.

Niliomba radhi. Ilichukua siku nne, kwa sababu kila radhi ilianza na salamu.

Halafu ndipo nilipobuni njia yangu mwenyewe, ambayo sijaiona katika kitabu chochote cha michezo. Salamu nilianza kuitoa kwa mbali, baiskeli ikiwa bado inatembea. Nikifika kizingitini kwa mtu tumeshamaliza watoto. Tukiuziana tunamaliza paa na jino. Nikiondoka naendelea kuuliza kwa sauti huku nakanyaga, na majibu yanayobaki nayachukua wakati wa kurudi. Kuna bwana mmoja wa Faza mwenye maneno mengi, huyo nilimgawa: jamaa zake nawauliza Jumatatu, mifugo Jumatano. Alipenda sana, akasema hakuna mtu aliyewahi kumpa nafasi ya kujieleza kwa utaratibu. Muda wa kusimama ukashuka ukawa saa moja u nusu. Adabu haikupungua, ilipata tu magurudumu.

Mwaka huo Bi Esha alianza kuumwa na miguu. Zuhura akawa anakwenda Siyu mara kwa mara kumkanda, na akirudi hana maneno mengi. Niliogopa, maana kikombe chake bado kililia cho, cho. Nilijiona nikiendelea kuchelewa hivi, iko siku nitachelewa moja kwa moja, na yule mama ataondoka duniani akijua kwamba alimwozesha bintiye kwa mtu asiyeweza kufikisha kikombe kimoja. Nilimweleza Mwalimu Mutua, yeye peke yake. Hakucheka. Alikata karatasi akaniandikia saa ya kufika na saa ya kuondoka kila mahali, akaniambia niifunge chini ya Kadhi kwa utepe.

Alhamisi iliyofuata nilianza kwa upole mpaka mtu aliyebeba makuti akanipita akaniuliza kama naumwa. Mia na thelathini. Pate nilifika kwa dakika iliyoandikwa, nikauza, nikasalimia nikienda. Kwenye mchanga nikatoa upepo, nikatambaa. Mia na thelathini. Faza yule bwana alitaka kuchanganya jamaa na mifugo nikamkumbusha siku yake. Nilipogeuza kurudi Siyu nilikuwa na miguu mipya. Nilitega sikio nyuma: ko, ko, ko. Enyi vijana, sijawahi kusikia muziki ulionipendeza kama ule.

Hapo ndipo nilipoiachia baiskeli. Nguvu yote niliyoiweka asubuhi niliikuta, nikaitumia. Kadhi alilia pii, pii, nikamwambia leo hukumu ni yangu. Niliingia Siyu dakika arubaini kabla ya saa yangu ya kawaida. Nilioga ndoo moja badala ya tatu, nikaitia kanzu mwilini, nikatoa kikombe kasha likiwa bado linatoa mvuke wa baridi, nikapiga hodi.

Mkono ulitoka. Ukapokea, ukatikisa. Ko.

Ukatikisa tena. Ko, ko.

Nikangoja. Haya mwanangu haikuja. Mola akuweke haikuja. Nilisikia kifuniko kikifunguliwa, halafu nikasikia jina langu. Ilikuwa mara ya kwanza aniite kwa jina.

"Lali, hichi ni nini?"

Nikamwambia, ni barafu, mama. Ngumu. Na kwa furaha yangu nilijisahau nikainua uso. Nikamwona. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye macho ya kucheka kama ya Zuhura, na mdomo ambao ndani yake hamkuwa na jino hata moja.

"Mwanangu, mimi meno sina tangu Shee hajazawa," akasema. "Jiwe hili nitalila kwa kitu gani? Miaka yote waniletea kinywaji chema, tayari. Nami huwambia watu, mkwe wangu ana akili, huigandisha isimwaike ndiani, ikifika kwangu ishakuwa maziwa. Huitikisa nikasikia yalia mle ndani, moyo wangu ukatua. Leo umekosewa na nani?"

Baadaye nilimuuliza Shee kwa nini hakuniambia mamake hana meno. Alisema hakujua kama mimi ni daktari wa meno. Zuhura naye alisema alidhani najua, maana nani asiyemjua mkwewe? Lakini pale mlangoni sikuwa na wa kumuuliza. Nilisimama na uso wangu juu, nimeshachelewa kuuinamisha, na maneno yakanitoka yote. Nikamwambia lile swali lake la siku ya posa. Nikamwambia kiapo changu, na Kadhi, na mpinzani wa baharini, na karatasi ya Mwalimu. Bi Esha alianza kucheka kwenye shamba la tumbaku, na tulipofika kwenye simu niliyoipokea ilibidi ashike mwimo wa mlango. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Swali naliuliza, kweli," akasema. "Na jawabu uliniletea Alhamisi ya kwanza. Ulikuya."

Kumbe jawabu lilikuwa kule kuja kwangu tu. Nililia kidogo, niwaambie kweli, na si kwa sababu ya jasho.

Akanisogezea kigoda, akaniita nije. "Ndoo uketi, tungoje iyeyuke. Na hiyo kanzu umeivaa ndani nje."

Nikaketi. Kikombe tulikiweka kizingitini, juani. Tulizungumza habari za Zuhura alipokuwa mdogo, za miguu ya Bi Esha inayouma, na za watoto wangu, na sikuuliza hata salamu moja kwa haraka. Ile barafu ya hiliki ilikuwa ngumu kweli. Niliifanyia kazi vizuri mno. Tangu hapo kila Alhamisi nilimletea ngumu makusudi, na kila Alhamisi tuliketi tukaingoja, mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua.

Siku ile ya kwanza, nilipopanda boti ya kurudi, nilimtazama Kadhi. Alikuwa ameandika kwamba Siyu nimesimama saa moja na dakika kumi, na wastani wangu wote umeharibika. Katika miaka yangu yote ya kazi, huo ndio muda wa kusimama ambao sikutaka kuupunguza hata dakika moja.